Malazi na mafunzo ya farasi: ada moja, ada yenye nyongeza, au kupangisha chumba tu?

Wengi wanaoanzisha zizi la kulaza na kufundisha farasi wa watu huanza na swali la bei: mwezi nitoze ngapi? Lakini kuna uamuzi unaotangulia bei, nao ni utaratibu wa kutoza. Utaratibu ndio unaoamua nani atabeba mzigo nyasi zikiadimika, nani atalipia tumbo la farasi mla sana, na nani atakaa na hasara chumba kikibaki kitupu. Mazizi mawili yanaweza kutoza kiasi kilekile, moja likasimama na jingine likafungwa, kwa sababu mikataba yao imegawa mizigo hiyo tofauti.

Taratibu zinazotumika zaidi ni tatu. Ya kwanza ni ada moja ya mwezi inayobeba kila kitu: chumba, nyasi, nafaka, maranda ya kulalia, usafi, kutolewa malishoni na kurudishwa. Ya pili ni ada ya msingi yenye huduma chache, kisha kila cha ziada kinaandikwa na kutozwa kivyake. Ya tatu ni kupangisha chumba na malisho tu. Mwenye farasi analeta chakula chake na anafanya kazi zote mwenyewe.

Nitazipima zote kwa mambo yaleyale. Nani anaumia bei za chakula zikipanda. Fedha zinaingia kwa utulivu kiasi gani. Kazi ya daftari ni kubwa au ndogo. Farasi mwenyewe anafaidika au anapunjwa. Madeni na ugomvi huzaliwa wapi. Mafunzo nimeyapa sehemu yake mbele, kwa kuwa yana hesabu tofauti na malazi.

Ujue kwanza unacholipia

Farasi mzima wa kilo 500 anahitaji takriban kilo 10 za nyasi kavu kwa siku, karibu asilimia 2 ya uzito wake. Kwa mwaka ni kilo 3,650. Mwenye vyumba 12 vilivyojaa anatafuta karibu tani 44 za nyasi kila mwaka, kabla hajanunua nafaka, chumvi wala maranda. Maji ni lita 25 hadi 50 kwa kila farasi kwa siku, na wakati wa joto au kazi nzito hupita hapo. Kisha kuna kinachotoka upande wa pili: kilo 20 na zaidi za samadi na mkojo kwa siku, yaani zaidi ya tani 7 kwa mwaka kwa farasi mmoja. Hizo zinahitaji mtu, toroli, mahali pa kurundika, na mara nyingi gari la kuzibeba.

Uzito wa farasi usiukisie kwa macho. Chukua utepe wa fundi cherehani. Zungusha kifua nyuma kidogo ya miguu ya mbele, usome sentimita farasi anapotoa pumzi. Halafu pima urefu wa kiwiliwili kutoka ncha ya bega hadi ncha ya tako. Zidisha mzingo kwa mzingo, zidisha tena kwa urefu, kisha gawa kwa 11,880. Mzingo wa 182 na urefu wa 180 unakupa kilo 502 hivi. Ni kazi ya watu wawili na dakika chache, na ina thamani kubwa kwenye hesabu: kati ya farasi wa kilo 420 na wa kilo 580 kuna tofauti ya kilo tatu na ushee za nyasi kwa siku, ambazo kwa mwaka zinapita tani moja. Ukiwatoza wote wawili sawasawa, fanya hivyo kwa kujua.

Upande mwingine kuna gharama za kudumu: pango au mkopo wa ardhi, mishahara, bima, ukarabati wa uzio, uchakavu wa trekta na wa uwanja wa mazoezi. Hizi hulipwa hata zizi likiwa tupu. Ukiwa na vyumba 12 na farasi wawili wakaondoka, kila farasi aliyebaki anabeba asilimia 20 zaidi ya gharama hizo. Wakiondoka watatu, ni theluthi moja zaidi. Kwa hiyo mimi hushauri hesabu ya ada ipigwe kana kwamba una farasi 10, hata kama vyumba ni 12. Ada iliyopigwa kwa zizi lililojaa hufanya kazi pale tu zizi linapojaa, na hilo si jambo la mwaka mzima.

Njia ya kwanza: ada moja inayobeba yote

*Mzigo wa bei.* Unabeba wewe, wote. Tuseme kumlaza farasi mmoja kunakugharimu 100 kwa mwezi, nyasi zikiwa 40 kati ya hizo, nawe unatoza 110. Nyasi zikipanda kwa robo, gharama imefika 110 na faida yako imekwisha, na mwenye farasi hajui lolote. Njia hii inahitaji vitu viwili: mtaji wa kununua nyasi nyingi msimu wa mavuno zinaposhuka bei, na ghala la kuzihifadhi zikiwa kavu, juu ya mbao na mbali na sakafu. Nyasi zinazofungwa zikiwa na unyevu unaozidi asilimia 20 huota ukungu, huchemka ndani ya robota, na zinaweza hata kuwaka zenyewe. Mwenye mtaji na ghala bora anaweza kuipenda sana njia hii, maana anayenunua wakati wa neema anapata faida ambayo njia nyingine hazitoi.

*Mtiririko wa fedha.* Hapa ndipo njia hii inapong'aa. Tarehe mosi unajua kinachoingia. Unaweza kupanga mishahara, unaweza kwenda kwa mkopeshaji na karatasi inayoeleweka. Ila fedha za ununuzi wa nyasi hutoka kwa mkupuo mmoja wakati ada inaingia kidogokidogo, hivyo ni lazima sehemu ya kila ada iwekwe kando kwa ajili ya mavuno yajayo.

*Daftari.* Jepesi. Ankara moja, kiasi kimoja. Hatari yake ni kwamba wepesi huo unamfanya mwenye zizi aache kupima. Andika ulaji wa kila farasi hata kama humtozi kwa kilo, la sivyo hutajua ni yupi anakula faida ya wenzake.

*Hali ya farasi.* Chakula, dawa ya minyoo na ratiba viko mikononi mwa mtu mmoja, na farasi hufaidika na mpangilio. Lakini tuseme ukweli: anayelipwa kiasi kilekile awe amelisha kilo 8 au 12 ana kishawishi cha kupunguza. Dawa ya kishawishi hicho ni kupima hali ya mwili hadharani. Kipimo cha Henneke, kilichotolewa Texas mwaka 1983, humpa farasi alama kutoka 1 hadi 9 kwa kupapasa shingo, mbavu, mgongo na shina la mkia. 5 ni hali ya wastani. Mpe alama siku anapoingia, mwenye farasi akiwepo na kutia sahihi, kisha kila mwezi. Inamlinda mteja, na inakulinda wewe dhidi ya anayeleta farasi mkondefu na kudai baadaye kwamba amekondea kwako.

*Madeni na ugomvi.* Ugomvi mdogo mdogo ni haba, kwa kuwa hakuna vitu vingi vya kubishania. Deni likitokea, hata hivyo, ni kubwa, kwani wewe umeshalisha, umeshasafisha na umeshalipa watu. Dai malipo kabla ya mwezi kuanza.

*Inamfaa nani.* Zizi lenye wafanyakazi wa kudumu, ghala na akiba. Kwa upande wa wateja, watu wenye shughuli nyingi wanaokuja mwisho wa wiki, na wanaotaka kujua gharama yao mapema.

Njia ya pili: ada ya msingi na nyongeza

*Mzigo wa bei.* Mnagawana. Ada ya msingi inataja kiwango, kwa mfano kilo 9 za nyasi kwa siku na aina moja ya nafaka. Anayehitaji zaidi analipia kinachozidi. Farasi mkubwa, mzee mwenye meno mabovu au anayelishwa chakula maalumu, hatalishwa kwa fedha za farasi mdogo anayenenepa kwa majani machache. Kwa haki kati ya wateja, njia hii inaziacha nyingine nyuma.

*Mtiririko wa fedha.* Sehemu ya msingi ni tulivu, nyongeza hupanda na kushuka. Kosa linaloua mazizi mengi ya namna hii ni kuweka ada ya msingi chini ili ivutie, halafu kutegemea nyongeza zilipe mishahara. Ada ya msingi peke yake ilipe gharama zote za kudumu. Nyongeza zilipie vitu na saa zake, na zikuachie faida.

*Daftari.* Zito, na hapa lazima nikae kidogo. Nyongeza isiyoandikwa palepale ilipofanyika imepotea. Mtunza farasi aliyebadilisha bandeji saa kumi na mbili asubuhi hataikumbuka tarehe 30. Tundika ubao kwenye mlango wa chumba cha chakula, kalamu ikiwa imefungwa kwa kamba ili isiondoke. Mistari iwe majina ya farasi, safu ziwe huduma: blanketi, bandeji, dawa, nyasi za ziada, kumshika farasi fundi wa kwato anapokuja. Aliyefanya anatia alama na herufi za jina lake. Kila jioni piga picha ya ubao, ingiza kwenye daftari au programu ya hesabu, kisha ufutwe. Zizi ambalo haliwezi kuusimamia ubao huu kila siku lisijiingize kwenye njia ya pili. Litafanya kazi ya ziada bure.

*Hali ya farasi.* Farasi anapata anachohitaji hasa, almuradi mwenye farasi yuko tayari kulipa. Wapo wanaokataa nyongeza ili kubana matumizi, wakamwacha farasi bila blanketi usiku wa mvua na upepo. Weka kwenye mkataba kipengele kinachokuruhusu kutoa huduma ya lazima kwa afya ya mnyama na kuitoza, hata kabla mwenyewe hajapatikana kwenye simu.

*Madeni na ugomvi.* Madeni ni madogo madogo, ugomvi ni wa mara kwa mara. "Hii bandeji ya tarehe 12 niliiagiza lini?" Picha ya ubao hujibu. Orodha ya bei ibandikwe ukutani na ipewe kila mteja, na isibadilishwe katikati ya mwezi. Mtu akiiona ankara kwa mara ya kwanza ikiwa na mistari 15 asiyoitarajia, hata ikiwa ya haki, utampoteza. Mwezi wa kwanza mtumie muhtasari wa katikati ya mwezi ili azoee.

*Inamfaa nani.* Zizi lenye farasi wa aina mbalimbali, wazee na vijana, wa mashindano na wa kupumzika, na lenye mtu mmoja anayependa hesabu. Mteja wake ni yule anayekuja mara mbili tatu kwa wiki na anataka kulipia anachotumia tu.

Njia ya tatu: kupangisha chumba tu

*Mzigo wa bei.* Uko kwa mwenye farasi. Nyasi zikipanda mara mbili, kwako hakuna kilichobadilika. Bado unalipa maji, umeme, uzio na uondoaji wa samadi, na hivi vikisahauliwa kwenye pango hula mapato taratibu.

*Mtiririko wa fedha.* Kidogo lakini cha uhakika, na hakihitaji mtaji mkubwa. Faida kwa kila chumba ni ndogo, hivyo chumba kitupu kinauma vilevile.

*Daftari.* Ni kama kupangisha nyumba: mkataba, dhamana, pango.

*Hali ya farasi.* Hapa ndipo penye mashaka. Kukiwa na mwenye farasi makini, farasi hupata uangalizi ambao hakuna mwajiriwa angeutoa. Kukiwa na aliyesafiri au kuugua bila kuacha mtu, farasi anapiga mlango kwa kwato saa mbili usiku na wewe ndiye uliye karibu. Utamlisha, na ni sawa umlishe. Lakini liwepo jedwali la bei ya "ulishaji wa dharura" ili huruma yako isiwe gharama ya kila wiki. Tatizo la pili ni magonjwa. Kila mtu akinunua nyasi kwake na kutoa dawa ya minyoo kwa siku yake, farasi wanaochungia uwanja mmoja wanaambukizana tena na tena. Hata katika njia hii, ratiba ya chanjo, minyoo na karantini ya wageni ya wiki mbili au tatu iwe ya zizi zima.

*Madeni na ugomvi.* Ugomvi ni wa wapangaji wao kwa wao: nani amechukua maranda ya nani, nani ameacha lango wazi. Gawa ghala kwa sehemu zenye namba na kufuli.

*Inamfaa nani.* Mwenye ardhi na majengo asiye na wafanyakazi, au mwenye kazi nyingine. Wateja wake ni watu wenye ujuzi wanaoishi karibu.

Mafunzo yaingie wapi?

Malazi yana ukomo wa vyumba. Mafunzo yana ukomo wa saa za mkufunzi. Kipindi cha farasi mchanga huweza kuwa nusu saa mgongoni, lakini ongeza kumsugua, kumtandika, kumpoza na kumrudisha, na saa nzima imekwenda. Siku ya kazi ya saa 8 ni farasi 8 kwa hesabu ya karatasi, na pungufu ya hapo kwa hali halisi. Bei ya kipindi itokane na saa hizo. Kutazama jirani anatoza ngapi hakutoshi.

Halafu farasi wa mafunzo wanakuja na kuondoka. Akimaliza siku 60 au 90 anarudi kwao, na mapato yake yanakatika mara moja. Anakula zaidi pia. Kwa viwango vya lishe vilivyochapishwa na Baraza la Taifa la Utafiti la Marekani mwaka 2007, farasi wa kazi nyepesi anahitaji nishati asilimia 20 zaidi ya anayepumzika, wa kazi ya wastani asilimia 40, na wa kazi nzito asilimia 60. Mwenye ada moja akimhamisha farasi kutoka malazi kwenda mazoezi makali bila kugusa sehemu ya chakula, mafunzo yatakuwa yanalipwa na kapu la nafaka.

Kwa hiyo, ukichagua njia ya kwanza, unaweza kutoa kifurushi cha malazi na mafunzo kwa bei moja, na wateja hukipenda, mradi ndani ya daftari lako ukigawe mara mbili: kiasi hiki malazi, kiasi hiki mafunzo. Siku farasi atakapochechemea na kupumzishwa wiki tatu, mgawanyo huo ndio utakaokuambia cha kuendelea kutoza na cha kusimamisha. Katika njia ya pili, mafunzo ni nyongeza kubwa kuliko zote. Uza kwa idadi ya vipindi iliyolipwa kabla, na hesabu kipindi kuwa mapato pale tu kilipofanyika. Katika njia ya tatu, mafunzo ni biashara kando kabisa. Unaweza hata kumruhusu mkufunzi wa nje atumie uwanja kwa malipo ya kila saa, baada ya kuona bima yake.

Mambo matatu hayabadiliki kwa njia yoyote. Dhamana ya mteja si mapato. Ikae akaunti yake mpaka farasi aondoke salama. Daktari wa mifugo na fundi wa kwato, ambaye kwa kawaida huja kila wiki 6 hadi 8, walipwe na mwenye farasi moja kwa moja, maana ukilipa wewe na kungoja kurudishiwa, umekuwa mkopeshaji usiye na riba. Na haki yako ya kumzuia au kumuuza farasi wa mdaiwa inategemea sheria ya mahali ulipo; mwone mwanasheria kabla hujaiandika kwenye mkataba.

Ukiwa katika hali hii, anzia hapa

Una vyumba vichache, unafanya kazi peke yako na huna akiba ya kununua nyasi za miezi sita: anza na njia ya tatu, au ya pili yenye nyongeza tatu nne tu. Ongeza huduma kadiri unavyopata mtu wa kukusaidia.

Una wafanyakazi tayari, ghala kavu na wateja wanaokuja kwa nadra: ada moja itakupa usingizi. Weka kipengele cha kupitia bei upya mara mbili kwa mwaka, na taarifa ya siku 30, ili nyasi zikipanda usingoje mwaka mzima.

Farasi wako ni mchanganyiko wa wazee, wagonjwa na wa mashindano: njia ya pili itakuepusha na manung'uniko ya wateja wanaohisi wanalipia farasi wa wengine. Hakikisha ubao umepata mwenyewe kabla ya ankara ya kwanza.

Biashara yako kuu ni mafunzo: malazi yatoze kwa ada moja iliyo wazi ili akili yako ibaki uwanjani, na weka farasi kadhaa wa malazi ya kudumu ambao ada zao zinatosha kulipa pango na mishahara hata mwezi ambao hakuna farasi hata mmoja wa kufundisha.

Uko kwenye njia moja na unataka kuhamia nyingine: usiwahamishe wote kwa siku moja. Wageni waingie kwa mkataba mpya, wa zamani wapewe tarehe. Kwa miezi miwili ya mwanzo mwandikie kila mteja wa zamani ankara mbili, ile anayolipa na ile ambayo angelipa kwa utaratibu mpya, ili aone tofauti kabla haijamgusa mfukoni. Watakaoona wanazidishiwa watakuja kuongea nawe mapema, na wewe utajua mapema ni vyumba vingapi huenda vikabaki wazi.